Kielelezo Kilichogoma Kuwaka

"Bonyeza tena," alisema Inspekta.

Koplo akabonyeza. Ndani ya sanduku jeusi feni zikaanza kuzunguka, kitaa cha buluu kikawaka pembeni, na kioo kilichokuwa juu ya meza kikabaki cheusi tititi. Baada ya muda kikaandika kwamba hakipokei chochote, kisha kikajizimia zake.

"Tena."

"Afande, tukibonyeza mpaka kitufe kitoboke, jibu ni hilihili."

Inspekta alikuwa amesimama, maana tangu asubuhi kiti kilikuwa kimemkataa. Akikaa anainuka, akiinuka anakwenda dirishani, akifika dirishani anakumbuka hana anachokitafuta huko, anarudi. Chai yake ilikuwa imepoa mpaka imeweka utando. Nyuma ya mgongo wake askari walimwita Sindano, naye alijua na wala hakujali, lakini siku hiyo sindano ilikuwa inamchoma mwenyewe.

Kesi yenyewe ukiisimulia haraka haina matata. Duka la dawa lilifunguliwa usiku kwa ufunguo, si kwa nondo. Maboksi ya dawa za bei mbaya yakayeyuka. Mlinzi alipigwa kichwani na mpaka sasa alikuwa hospitali, macho hajafumbua. Majirani walisikia ukelele wake wakati redio zao zikisoma habari za michezo, mwishoni mwa taarifa ya saa mbili. Ufunguo ulikutwa ukining'inia kwenye kitasa. Wa mwenye duka alikuwa nao mfukoni. Wa pili ulikuwa wa fundi wa kompyuta, jirani wa mlango wa tatu, aliyepewa ili aingie kutengeneza mashine za duka wakati wowote.

Inspekta alimfuata usiku uleule karakanani kwake. Fundi alikuja juu. "Mimi? Mimi sijatoka hapa! Nimeunda mashine hii toka jioni, saa mbili ilikuwa inawaka, iulizeni yenyewe!"

Basi wakaichukua mashine, wakamchukua na yeye. Na sasa shahidi huyo aliyeitwa kwa kelele zote hizo alikuwa amefumba mdomo. Mchana gari la mahakama lingekuja, Fundi angepandishwa kwa kosa la kujaribu kuua, na kwa kosa hilo dhamana usahau. Kama mashine haikuwahi kuwaka, kijana alikuwa muongo na mambo yameisha. Kama iliwahi, Inspekta alikuwa amemtia pingu mtu asiyehusika, kwa mikono yake mwenyewe, na alitaka kulijua hilo kabla ya gari kuondoka, si baada.

Nje ya mlango, kwenye benchi la korido, alikaa mama yake Fundi. Alikuwa pale tangu askari wa zamu ya asubuhi hawajafungua vifungo vya makoti. Kila mlango ulipofunguliwa alinyanyuka nusu, kama mtu anayetaka kumpisha mkubwa.

"Imesema?" mama aliuliza, Inspekta alipotoka.

"Bado, mama."

"Itasema. Mwanangu huyu, Afande, ukimuuliza kama amekula atakudanganya. Ukimuuliza kama anaumwa atakudanganya. Lakini kwenye mashine hana uongo. Akisema imewaka, imewaka."

"Nimekusikia, mama. Umekula chochote lakini?"

"Kaka yake ataleta. Hajakosa hata mara moja, asubuhi, mchana, jioni. Maskini naye anashusha mizigo kwenye maduka mtaa mzima, mgongo umemwisha, lakini chakula cha mdogo wake hakichelewi." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Wako wawili tu hao."

Inspekta akaitikia kwa kichwa, akaenda selo.

Fundi alikuwa amechuchumaa, mgongo ukutani, vidole vyake virefu vikichezea uzi uliochomoka kwenye suruali. Alikuwa na kovu dogo la kuungua kwenye kidole gumba, alama ya kazi.

"Mashine yako haiwaki," alimwambia.

Kijana aliinua macho. Hapo Inspekta aliona kitu kilichomtia kiherehere upya: mabega ya Fundi yalishuka. Yalishuka taratibu, kama ya mtu aliyekuwa amebeba ndoo akapata pa kuitua.

"Haiwaki kabisa?"

"Feni zinazunguka. Kioo kinabaki cheusi."

"Basi itakuwa pawa saplai, ile ya kugawa umeme," alisema Fundi. "Nilitia ya bei rahisi. Hizo hazina maisha."

"Usiku ule ulisema inawaka."

"Usiku ule nilikuwa nimechanganyikiwa, Afande."

"Nikibadilisha pawa saplai itawaka?"

"Huenda." Akarudi kwenye uzi wake. "Huenda pia isiwake. Kompyuta ni kompyuta."

Inspekta alirudi chumbani kwa hatua za haraka, visigino vikigonga sakafu. Kompyuta ni kompyuta! Huyo ndiye fundi ambaye mama yake anamwapia?

"Koplo, fungua tena. Toa pawa saplai ya kompyuta ya mapokezi, tuijaribu humu."

"Mapokezi watanitoa roho."

"Watapanga foleni, maana mimi niko mbele yao."

Koplo alikuwa mtu wa michezo ya kompyuta. Nyumbani alijiundia mashine moja, na mke wake mpaka leo aliitaja kama vile anataja mke mwenza. Alivaa glavu, akafungua ubavu wa sanduku mbele ya Inspekta na askari wa zamu, kama kanuni ya vielelezo inavyotaka, akachomoa waya mmoja mmoja akiupiga picha kabla hajaugusa. Kazi ya Fundi ilikuwa safi ya kutamanisha. Nyaya zilikuwa zimefungwa mafungumafungu kwa vibanio vyeusi, skrubu zote zimekazwa zikaangalia upande mmoja. Koplo alipiga mluzi bila kutaka.

Wakatia pawa saplai ya mapokezi. Wakabonyeza. Feni zikazunguka, kitaa kikawaka, kioo kikabaki usiku wa manane.

Inspekta akaenda tena selo. Safari hii Fundi hakusubiri kuulizwa sana.

"Basi ni zile kadi za kumbukumbu. Zile ndefu mbili zilizosimama. Zitoeni, mzisugue meno kwa kifutio cha penseli, mzirudishe moja moja."

Koplo akazitoa, akazisugua, akazirudisha moja moja, kisha zote, kisha akazibadilisha nafasi. Giza lilikuwa lilelile. Mapokezi walipiga simu kuulizia pawa saplai yao, Inspekta akakata simu kabla ya salamu kwisha.

"Sasa anasema nini?" aliuliza Koplo, akipangusa jasho kwa mkono wa shati.

"Anasema huenda ni ubao mkuu wenyewe. Anasema tuachane nayo, imekufa."

"Ah!" Koplo akatua bisibisi mezani. "Afande, niseme neno?"

"Sema."

"Fundi wa aina hii," akaonyesha zile nyaya zilizofungwa vizuri, "ukimwambia feni zinazunguka lakini picha hakuna, kitu cha kwanza atakachotaja ni kadi ya picha. Hili dude kubwa hapa. Ndilo linalopeleka picha kwenye kioo. Hata mimi nililiangalia kabla ya kitu kingine. Nimelikuta limefungwa na skrubu yake, nikaliacha. Lakini yeye ametaja kila kitu humu ndani, mpaka ubao mkuu, na hili hajalitaja kwa bahati mbaya hata mara moja."

Inspekta akasimama katikati ya chumba. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi miguu yake ilitulia.

"Anatupiga chenga," alisema.

"Ndivyo ninavyoona. Lakini kwa nini? Shahidi ni wake yeye!"

Swali hilo lilimuwasha Inspekta mwili mzima. Mtu anayekwenda kufungwa anaona kamba ya kumwokoa, halafu anaisukuma mbali kwa mguu? Akainama juu ya sanduku. Chini ya lile dude palikuwa na giza.

"Nipe tochi."

Koplo akafungua droo, akatoa tochi, akaiwasha. Haikuwaka. Akaigonga kiganjani. Akaifungua kitako, akacheka kwa hasira.

"Imetoka stoo ya vielelezo hii, nilisahau. Haina betri. Si unamjua Mzee wa Stoo. Tangu ile redio ya wizi imvujie maji ya betri juu ya mashuka ya kesi nyingine, kitu hakilali stoo kwake kikiwa na betri. Anatoa za tochi, anatoa za redio, juzi katoa ya saa ya..."

Akaiweka tochi mezani. Walitazamana.

"Kompyuta ina betri?" aliuliza Inspekta polepole.

"Ina moja. Ndogo, bapa, kama kifungo cha koti. Ya kutunzia saa."

"Iko wapi?"

Koplo akawasha taa ya simu yake, akabana shavu kwenye sanduku, akachungulia. "Mashine hii wameiweka..." Akainua kichwa. "Afande, inakaa chini ya kadi ya picha. Na haipo."

Hawakuaga mtu. Walishuka ngazi mbilimbili mpaka chini ya jengo, ambako Mzee wa Stoo alikaa nyuma ya wavu wake, miwani puani, akila karanga moja moja kama anazipima uzito.

"Shikamoo mzee," alisema Inspekta, pumzi juu.

"Marahaba. Mbona mnakuja kama mnazima moto?"

"Ile kompyuta ya kesi ya duka la dawa. Uliitoa betri?"

"Niliitoa." Mzee alijivuta kitini kwa heshima zake zote. "Kanuni ni kanuni. Niliisumbukia kweli, imejificha kama kupe. Nikafungua skrubu, nikalitoa lile likadi kubwa, nikaitoa betri, nikalirudisha likadi, nikakaza skrubu. Hapa kwangu hakuna kinachopotea." Akavuta sanduku la kadibodi lililojaa betri za kila sura, kila moja ndani ya kimfuko chake, akaitoa ile bapa na kuiweka mbele yao.

"Ulipolirudisha lile likadi," aliuliza Koplo, "liliita?"

"Liite nani?"

"Lililia 'klik', mzee?"

Mzee wa Stoo akatafuna karanga yake mpaka mwisho. "Sikusikia klik," alisema. "Sikujua kwamba linatakiwa liseme kitu."

Inspekta alitamani kucheka na kulia kwa pamoja. Kituo kizima kilikuwa kinamtoa jasho kijana kwamba mashine yake haiwaki, kumbe kituo chenyewe ndicho kilichoizima.

Walirudi juu. Koplo alifungua skrubu, akalichomoa lile dude, na hapo wakaona wazi: lilikuwa limekaa upande mmoja, limeshikwa na skrubu tu, meno yake ya nyuma hayakuwa yameingia. Akairudisha betri mahali pake. Akalipanga dude juu ya mfereji wake, akalikandamiza kwa vidole gumba viwili.

Klik.

"Bonyeza," alisema Inspekta.

Feni zikazunguka. Kitaa kikawaka. Kioo kikafumba na kufumbua, maandishi meupe yakatiririka, mashine ikalalamika kwamba haijui leo ni tarehe gani. Koplo akagusa kibodi kuipa ruhusa iendelee, na baada ya muda uliomfanya Inspekta ang'ate kucha, picha ikajaa kioo kizima. Neno la siri hakuna, haikuwa imekabidhiwa bado kwa mwenyewe.

"Iliwahi kuwaka," alisema Koplo. "Hata programu za kufundishia mtandaoni zimeshawekwa. Ila wakili yeyote atatusimanga, Afande. Saa ya mashine ilichezewa hapahapa kituoni. Tarehe yoyote tutakayoisoma humu, atasema tumeitunga."

"Kwa hiyo tutafute kitu kisichohitaji saa ya mashine. Kuna nini humo?"

Humo hamkuwa na kitu, nyumba mpya isiyohamiwa. Palikuwa na faili moja tu la video, na Koplo alipoliona akapiga paja. "Alikuwa anajaribu kamera na kipaza sauti! Mashine ya kufundishia hii, mteja atataka aonekane na asikike."

Inspekta alikuwa na mkono tayari kwenye kitasa. "Subiri. Usiicheze bado. Mlete Fundi kwanza, aone kielelezo chake kinavyofunguliwa."

Fundi aliletwa. Alipoingia tu na kuona kioo kinang'aa, rangi ilimtoka. Hakufurahi hata kidogo. Alikitazama kioo kama mtu anayetazama paa la nyumba yake likishika moto.

"Imewaka," alisema Inspekta.

"Naona."

"Hongera. Kazi nzuri. Mbona huchangamki?"

"Afande," alisema Fundi, "izimeni. Nitasaini chochote mnachotaka. Izimeni tu."

Inspekta akamsogelea. Hasira zake zote za asubuhi zilikuwa zinamtoka, na mahali pake palikuwa panaingia kitu kizito zaidi. "Usiku ule ulituambia tuiulize, kwa sababu hukuwa umefikiri. Baadaye selo ukafikiri. Ukakumbuka kilichomo. Ndiyo maana ulitutuma kwenye pawa saplai." Akamgeukia Koplo. "Cheza."

Chumba kilikuwa na joto, na Koplo, kwa mazoea yake, alikuwa ameacha mlango wazi kidogo ili upite upepo.

Kwenye kioo alitokea Fundi, karibu mno, akikunja uso mbele ya kamera. "Moja, mbili, moja, mbili. Unanisikia?" Kisha akazunguka nyuma ya mashine kukaza kitu, video ikiendelea kujirekodi yenyewe. Nyuma yake redio ilikuwa ikiita mlio wa saa mbili, mtangazaji akasalimia, akaitaja tarehe ya siku ile ya wizi, akaanza vichwa vya habari. Koplo aliinua kidole gumba. Redio ni shahidi asiyetolewa betri na mtu.

Ndipo mlango wa karakana ukalia. Mtu akaingia. Kamera ilikuwa imeelekea chini, haikumwona uso, ilimwona mkono na ubavu wa shati la kazi.

"Mdogo wangu, bado tu unahangaika na makopo yako?" sauti ilisema, nzito, ya utani. "Nipe ule ufunguo wa duka la dawa. Nimeacha simu mle wakati nashusha mzigo."

"Upo ukutani, chukua," ilijibu sauti ya Fundi, bila hata kuinua kichwa. "Usisahau kuurudisha."

"Nitausahauje?"

Mkono ukapita mbele ya kamera, ukarudi na ufunguo. Mlango ukalia tena. Redio ikaendelea. Fundi akarudi mbele ya kamera na bisibisi yake, akiimba kwa sauti ya chini, na alikuwa bado hapo, mbele ya macho yao, mtangazaji alipofika kwenye habari za michezo.

Fundi mwenyewe alikuwa amefunika uso kwa viganja.

Mlango wa chumba ukasukumwa. Mama yake alisimama kizingitini, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, uso umechangamka kama hakuwa amekaa kwenye benchi lile asubuhi nzima.

"Kaka yako ameshafika?" aliuliza. "Nimesikia sauti yake. Leo amewahi."

Macho yake yakazunguka chumba, yakamtafuta mwanawe mkubwa nyuma ya mlango, kando ya kabati, karibu na dirisha. Yakamwona mdogo, ameinama, mabega yakimtikisika. Mwisho yakafika kwenye kioo, ambako Koplo alikuwa amechelewa kuisimamisha video.

"Mama," alisema Inspekta, "njoo ukae."

Hakukaa. "Irudisheni nyuma," alisema.

"Mama, usisikilize," alisema Fundi. "Nakuomba. Si alikuwa na madeni yake tu, mama, si mtu mbaya."

"Nyamaza wewe. Ulisema mashine imewaka, nami nikawaapia watu wa watu kwamba huna uongo kwenye mashine. Nimeshinda hapa naomba iwake." Akamwangalia Inspekta. "Irudishe, mwanangu."

Koplo akarudisha. Mama alisikiliza akiwa amesimama. Mdogo wangu, bado tu unahangaika. Aliposikia mlango wa karakana ukilia mara ya pili alifumba macho. Inspekta akakisukuma kile kiti kilichomkataa asubuhi nzima, akamkalisha kwa kumshika kiwiko.

"Huyo mlinzi ana watoto?" aliuliza mama.

"Anao."

Mama akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama anakubaliana na mtu asiyeonekana. Mwanawe alikuwa amepiga magoti mbele yake, naye akamwekea mkono kichwani bila kumtazama.

Koplo alijikohoza. "Afande, saa sita inakaribia. Niwaambie walinzi wa getini wamzuie akija?"

Inspekta alifungua kinywa, lakini mama alimtangulia.

"Msimkamate getini, mwanangu. Nakuomba kitu hicho kimoja. Mwacheni afike mpaka hapa. Amkabidhi mdogo wake chakula kwa mkono wake, amtazame machoni. Baada ya hapo fanyeni kazi yenu."

Inspekta alimtazama Koplo. Kisha akaenda mlangoni akauvuta, akauacha wazi wote, akasimama pembeni na kusubiri.

Mashine ilikuwa ikivuma polepole mezani, haina tena kasoro. Na kutoka mapokezi, juu ya vishindo vya watu na milio ya simu, ile sauti nzito ya utani ikaingia koridoni.

"Hodi jamani! Nimemletea mdogo wangu chakula. Kingali cha moto."